Mgonjwa wa sepsisi akisharuhusiwa: miezi mitatu ya kuangaliwa

Siku ya Sepsisi Duniani ni tarehe 13 Septemba, na kwa Mtwara na Lindi huangukia wakati mabibo yanaanza kudondoka. Safari hii hatutaanza na kujikinga. Tutaanza na lalamiko ambalo ndugu huja nalo wiki chache baada ya mgonjwa kutoka wodini: "Mlimruhusu hajapona."

Ni kweli, hajapona. Kuruhusiwa maana yake maambukizi yamedhibitiwa, presha inasimama bila dripu, na mgonjwa anaweza kumeza chakula na dawa. Katika sepsisi, mwili unapopambana na wadudu walioingilia kwenye kidonda, mapafu, njia ya mkojo au kizazi, hupitiliza na kujeruhi viungo vyake wenyewe: figo, mapafu, moyo, ubongo, misuli. Wadudu wanaweza kuisha ndani ya siku chache, lakini viungo vinataka miezi. Kwa hiyo wanaosema "damu imechafuka" na kumchemshia mizizi ya kuisafisha wanamuumiza, kwa sababu mizizi hiyo inakwenda kutolewa na figo zile zile zilizojeruhiwa. Hili tumelieleza sana, na bado kila msimu tunapokea watu waliovimba miguu kwa ajili yake. Figo hizo pia haziwezi diklofenaki wala ibuprofeni. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa.

Kabla ya kuondoka wodini, soma karatasi ya ruhusa pamoja na muuguzi. Ioneshe maambukizi yalianzia wapi, kiungo gani kiliathirika, jina la antibayotiki na tarehe ya dozi ya mwisho, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonesha hali ya figo) ya siku ya kutoka, na tarehe ya kliniki. Kikikosekana kimoja, omba kiandikwe hapo hapo, maana ukishafika Newala au Liwale kukifuata ni nauli na siku nzima. Kliniki ya kwanza kwa kawaida iwe ndani ya wiki mbili. Presha na kidonda vinaweza kuangaliwa zahanati ya karibu, lakini kreatinini inahitaji maabara yenye uwezo huo, hivyo tarehe usiiruke hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Njoo na karatasi, kadi ya bima kama ipo, na dawa zote zilizobaki zikiwa kwenye paketi zake. Asiye na bima wala uwezo achukue barua kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, aipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuanza huduma, si baada ya bili kutoka.

Antibayotiki zimezwe mpaka tarehe iliyoandikwa, na zisiongezwe za dukani. Duka la dawa linalouza antibayotiki bila cheti cha daktari linavunja masharti ya kibali chake na linaweza kuchukuliwa hatua. Ila anayelipa kwanza ni mgonjwa. Dozi ya kubahatisha hushusha homa na kuacha wadudu hai, kisha damu ikioteshwa maabara kutafuta wadudu hao inaweza isioneshe kitu, na daktari anabaki kukisia.

Misuli ndiyo inayowashangaza watu. Siku kumi za kulala huyeyusha mapaja, na mtu aliyekuwa akilima ekari nzima anashindwa kuinuka mkekani. Asiketishwe chini. Apewe kiti kigumu chenye mikono, kisukumwe ukutani kisiteleze, ainuke na kukaa mara tano, asubuhi, mchana na jioni. Akizoea, ainuke bila kushika mikono ya kiti. Kutembea kuanze chumbani, kisha uani, kisha kwa jirani, akiongeza dakika chache kila baada ya siku mbili au tatu. Kipimo ni mazungumzo: akishindwa kumaliza sentensi huku anatembea, amezidisha. Akiamka kesho yake hoi, arudi kwenye kiwango cha juzi. Choo cha kuchuchumaa ni hatari, na wengi huangukia humo alfajiri. Toboa kiti cha plastiki katikati, kiweke juu ya tundu, mtu asimame mlangoni. Kuokota korosho kunataka kuinama na kuinuka saa nyingi, na presha yake bado inashuka akiinuka ghafla. Msimu huu akae kivulini achambue. Vumbi la salfa inayopulizwa kwenye mikorosho asilisogelee kama mapafu yaliathirika.

Ale kidogo kidogo, mara tano au sita. Mtu wa kilo 50 anahitaji takribani gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina kama gramu sita tu, kwa hiyo uji mtupu hautoshi. Changanya karanga au korosho zilizosagwa kwenye uji, dagaa kwenye mboga, mbaazi au kunde kila siku, pweza akipatikana. Aliyeambiwa figo zina shida aulize kliniki kwanza.

Mwezi wa pili au wa tatu nywele zinaweza kupukutika kwa vishada. Huo ni mshtuko wa ugonjwa, si UKIMWI na hakuna aliyemroga, nazo hurudi. Ndoto za kutisha, kusahau namba ya siri ya simu, kulia bila sababu, navyo vinatokana na ubongo ulioumia. Msimlazimishe kusaini karatasi za malipo ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho peke yake. Huzuni ikizidi wiki mbili, itajeni kliniki bila kuona haya.

Hatari kubwa ya miezi hii mitatu ni sepsisi kurudi. Mhesabieni pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa ya simu, bila kumwambia: 22 au zaidi si kawaida kwa mtu mzima. Dalili nyingine ni joto la nyuzi 38 au zaidi, au chini ya 36, kuchanganyikiwa, mikono na miguu ya baridi, au kutokukojoa tangu asubuhi hadi usiku. Kwenye ngozi nyeusi, weupe au ubluu utafutwe midomoni, kwenye ulimi na viganjani. Mkiona dalili hizi, mpelekeni hospitali mara moja. Mama aliyejifungua ndani ya siku 42, akiwa na homa au uchafu unaonuka, asikandwe maji ya moto kungoja kesho. Kwa ajili yake pigeni 115, namba ya usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga; ni bure.

Na msitulizwe na kipimo cha malaria. Kile cha haraka kinaweza kuendelea kuonesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa, na hata malaria ikiwepo kweli, bakteria wanaweza kuwepo pia. Mkifika mapokezi, msichukue namba mkakaa kwenye benchi. Toeni karatasi ya ruhusa, semeni: "Alilazwa kwa sepsisi, ametoka tarehe fulani, na leo ana homa."