Onyo la theluji milimani likitoka, jua kuwaka nje si hoja

Kila msimu wa baridi ukianza tunapata maswali yaleyale kutoka kwa wanaopanda milima ya jimbo la Colorado, Marekani, kwa barabara kuu ya I-70: mbona mmetoa onyo na huku chini, mjini Denver, jua linawaka? Jamani, onyo linahusu mlimani, siyo mlangoni kwako. Tunnel ya Eisenhower, ambayo I-70 inapita ndani yake, iko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, huku chini unavaa fulana na kule theluji inamwagika huoni hata boneti ya gari lako.

Ujumbe wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani usomeni mpaka mwisho. Likiandikwa neno "watch" maana yake dhoruba inawezekana, panga safari yako upya mapema, na likiandikwa "warning" basi inakuja au imeshafika, kama safari si ya lazima ahirisha. Neno "blizzard" nalo siyo theluji nyingi tu kama watu wanavyodhani, ni upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi pamoja na kutoona zaidi ya robo maili, kwa masaa 3 au zaidi.

Sasa sheria, maana hapa ndipo wengi wanakwama. Kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka 31 Mei, kwenye kipande cha I-70 kati ya Dotsero na Morrison, sheria ya matairi inafanya kazi muda wote, theluji iwepo isiwepo. Kashata za tairi ziwe na kina cha inchi 3/16, karibu milimita 5, na tairi liwe na alama ya M+S (yaani matope na theluji) au ile ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, au gari liwe linavuta kwa matairi yote manne, na hilo pia lazima lifikishe hiyo 3/16. Kama huna hivyo, beba cheni za kufunga kwenye matairi au soksi za tairi za kitambaa. Dhoruba ikizidi inatangazwa sheria ya cheni, yaani kila gari lifungwe cheni au soksi hizo, na hiyo ndiyo hatua ya mwisho kabla barabara haijafungwa kabisa. Ukikamatwa umekiuka faini inapita dola 100, na gari lako likiziba njia kwa sababu ya tairi kipara inapita dola 650, ukiacha wale wote waliosimama nyuma yako na ambulansi isiyoweza kupita.

Na hili la "gari langu 4x4 halina shida" tumelisema mpaka tumechoka. 4x4 inakusaidia kuondoka, kwenye breki haikusaidii kitu, kwenye barafu gari zito linateleza kama gari jingine lolote.

Cheni jifunze kuzifunga nyumbani, kweupe, mikono ikiwa mikavu. Kando ya barabara glavu zimelowa, unazivua ili ushike ndoano, chuma kinanata baridi kwenye vidole, na malori yanapita karibu na mgongo wako.

Ukikwama usitoke kutafuta msaada kwa miguu, watu wanapotea hatua chache tu kutoka kwenye gari. Kaa ndani, piga namba ya dharura 911, washa injini kama dakika 10 kila saa kupata joto, dirisha moja liwe wazi kidogo. Lakini kabla ya kuwasha, na narudia kabla, shuka uende nyuma ufukue ekzosi kwa mkono au koleo, maana ikizibwa na theluji moshi unarudi ndani na ile kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, unasikia kichwa kizito na usingizi basi. Theluji ikiendelea kuanguka inaziba tena, kwa hiyo kila ukitaka kuwasha unashuka tena, hata kama ulifukua saa moja iliyopita.