Ulikubali pale ulipowasha gari

Juzi usiku mpwa wangu kanipigia WhatsApp kutoka Houston, jimbo la Texas, mtoto wa dada yangu wa Mbagala, ile shikamoo mjomba ilivyotoka tu nikajua hapa kuna kesi. Alikuwa kwenye sherehe ya Wabongo wenzake, kapiga bia zake, njiani polisi wakamsimamisha, wakamtembeza kwenye mstari, wakamtia pingu, ndo wakamwambia apulize kipima pombe. Akagoma. "Mjomba, si nina haki ya kukaa kimya?"

Nikamwambia hiyo haki ni ya mdomo, sio ya mapafu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishalisema hilo 1966 kwenye kesi ya Schmerber, kwamba damu yako sio ushahidi wa maneno.

Mimi kesi zangu za barabarani ni za hapa mahakama ya Kisutu, ila hii ya kule nimeisoma sana maana wateja wenye watoto Marekani hawaishi kuniuliza. Iko hivi, majimbo yote 50 yana sheria inayosema ukiendesha kwenye barabara ya umma unahesabika umeshakubali kupimwa, iwapo utakamatwa kwa kushukiwa umelewa. Hukusaini popote. Ni kama daladala, ukishapanda na gari likaondoka konda hakuulizi kama ulikubali kulipa nauli. New York ndo walianza, 1953.

Sasa watu wanachanganya hapa. Wanadhani umekubali maana yake utapulizishwa kwa nguvu, hapana, kugoma unaweza ila kugoma kuna bei yake. Pale Texas ukigoma mara ya kwanza leseni inafungiwa siku 180, wakati ungepuliza ukakutwa umefika 0.08 (namba ileile ya kwetu, miligramu 80 kwenye mililita 100 za damu) ungefungiwa siku 90, na hiyo ni leseni tu, kesi yenyewe ya ulevi inaenda kivyake na mwendesha mashtaka anaruhusiwa kuiambia mahakama huyu bwana aligoma. Halafu kile kutembea kwenye mstari hakimo kabisa kwenye hii ridhaa, angeweza kukataa bila leseni kuguswa. Yeye alikubali cha hiari akagoma chenye adhabu, bwana mdogo!

Kanitumia picha ya karatasi aliyosomewa, wanaiita DIC-24, imekunjwa mara nne, kidole gumba chake kinaonekana kinainyoosha. Onyo lote limo mle. "Uliisoma?" Kimya.

Damu ndo ina mambo yake. 2013 kesi ya McNeely ikasema polisi hawana ruhusa ya jumla ya kukudunga sindano bila hati ya hakimu eti kwa sababu pombe inaisha mwilini, afu 2016 Birchfield ikatenganisha: jimbo linaweza kufanya kugoma kupuliza kuwa kosa la jinai, kugoma damu bila hati haliwezi. Naona ni sawa kabisa, pumzi unaitoa kila sekunde ila damu ikishaingia kwenye kichupa chao ina mengi zaidi ya pombe. Lakini usishangilie, Texas kuna wikiendi hakimu anakaa macho usiku kucha kazi yake kusaini hizo hati, ukigoma saa saba, saa nane nesi yuko na sindano.

Kwa bangi na dawa nyingine mashine ya kupuliza haisaidii kitu, inabidi damu, na Texas hawana namba ya bangi kama ile 0.08, wanaangalia kama akili au mwili wako umepoteza uwezo wake wa kawaida. Hata dawa ya kikohozi inayolewesha inaweza kukuponza.

Kilichonitia presha ni siku 15. Ndo muda alionao wa kuomba asikilizwe kabla leseni haijafungiwa, zikipita imekula kwake. Alinipigia siku ya 12. Jana wakili wa kule kapeleka maombi, na dada mpaka saivi anajua gari la mwanae liko gereji.