Kompyuta Ndani ya Kompyuta: Namna ya Kufungua Flashi Usiyoiamini

Flashi iliyopita kwenye kompyuta ya duka la fotokopi mara nyingi hurudi na dalili moja ambayo sisi wa vitengo vya TEHAMA tumeizoea: kila faili limegeuka njia ya mkato (shortcut) ya kilobaiti moja au mbili. Mafaili yenyewe hayajapotea. Kirusi kimeyaficha na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale, ambazo ukizibofya kinajiwasha chenyewe kwanza, kisha kinakufungulia waraka wako kana kwamba hakuna lililotokea, na mwenye kompyuta hushtuka pale tu flashi yake ya pili inapopatwa na yaleyale.

Njia ya kuikagua flashi kama hiyo pasipo kuichafua kompyuta ya kazi ni kuifungulia ndani ya kompyuta pepe, yaani programu inayoigiza kompyuta nzima, yenye kumbukumbu (RAM) yake, diski yake na mfumo endeshi wake, ilhali kwa kompyuta mwenyeji, yaani ile halisi unayoitumia, diski hiyo ni faili kubwa tu miongoni mwa mafaili mengine. Jambo hili si geni, kwani IBM ilitangaza VM/370, mfumo wake wa kompyuta pepe, mwaka 1972.

VirtualBox ya Oracle, programu ya kutengeneza kompyuta pepe, hupatikana bure na inatosha kwa kazi hii, mradi kompyuta iwe na kumbukumbu ya GB 8 au zaidi. Yenye GB 4 itakwama, na sishauri kuilazimisha. Ndani yake sakinisha mfumo endeshi wa Ubuntu badala ya Windows ya pili, kwa kuwa haidai leseni, haijali alama ambayo Windows hutumia kuficha mafaili, na kirusi kilichoandikwa kwa ajili ya Windows hukosa pa kushika.

Kabla ya kuchomeka flashi, chukua snapshoti, yaani picha ya hali ya kompyuta pepe ilivyo wakati huo, ili ukimaliza uirudishe hapo na yote yaliyotokea katikati yafutike. Vilevile weka kichujio cha USB katika mipangilio yake, yaani agizo la kuipeleka flashi moja kwa moja kwenye kompyuta pepe, kwa sababu bila kichujio hicho flashi hupokewa kwanza na kompyuta mwenyeji, na hapo umeshamfungulia mgeni mlango wa mbele.

Kosa linaloharibu kazi yote hii ni folda ya pamoja, yaani folda ya mwenyeji inayofikiwa pia kutoka ndani ya kompyuta pepe. Watu huiwasha ili kurahisisha kuhamisha mafaili, wakairuhusu kuandika kwenye folda yao ya nyaraka, wakasahau kuizima. Programu inayofunga mafaili ili kudai fidia ikiingia kwenye kompyuta pepe hiyo, itayafikia mafaili hayo bila kuvunja ukuta wowote. Ukuta wenyewe nao huweza kuwa na ufa: mwaka 2015 kasoro iliyoitwa VENOM, iliyojificha katika msimbo wa kuigiza diski za flopi ambazo karibu hakuna aliyekuwa akizitumia tena, iliweza kumruhusu mshambuliaji kutoka kompyuta pepe hadi kwenye mwenyeji. Ndiyo sababu VirtualBox yenyewe huhitaji masasisho kama programu nyingine yoyote.

Tena kinga hii ni ya upande mmoja. Kompyuta mwenyeji ikiwa tayari ina programu inayorekodi vitufe, nywila ya benki utakayoiandika ndani ya kompyuta pepe itanaswa vilevile, kwa kuwa kibodi unayoigusa ni ya mwenyeji.