"Nina vidonda vya tumbo": maana yake hasa, na wakati wa kumwona daktari bingwa

Kidonda cha tumbo ni jeraha linaloonekana kwa macho. Ni sehemu ya ukuta wa mfuko wa chakula, au ya duodeni, yaani kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, ambayo imelika kwa tindikali mpaka utando wake laini wa ndani ukatoboka. Naanza na maana hii kwa sababu huku kwetu Nyanda za Juu Kusini jina hilo hupewa karibu kila maumivu ya chembe cha moyo: kiungulia, gesi, kichefuchefu, tumbo kujaa baada ya ugali wa jioni, na hata maumivu yanayotoka kwenye nyongo au kwenye moyo. Mtu husema "nina vidonda" kwa miaka mingi bila vidonda hivyo kutazamwa na yeyote, na kwa kuwa ugonjwa umeshapata jina, hakuna anayeuliza tena.

Mfuko wa chakula hutengeneza tindikali kali, na wakati huohuo hutengeneza ute unaoukinga usijiunguze. Kidonda huanza pale kinga hiyo inaposhindwa. Kwa muda mrefu hata madaktari waliamini kwamba chanzo ni mawazo na vyakula vikali, hadi mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, wakiwa Perth, Australia, walipofanikiwa kuotesha bakteria anayeishi ndani ya ute huo, ambaye leo huitwa Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, akaugua uvimbe wa mfuko wa chakula katika siku chache. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo hutibiwa kwa mchanganyiko wa antibiotiki na dawa ya kupunguza tindikali, kwa kawaida kwa siku 14, na anayeacha dozi siku ya tano kwa sababu maumivu yametulia humwacha bakteria akiwa hai, na pengine akiwa sugu.

Chanzo cha pili hakisemwi vya kutosha, nacho ni dawa za maumivu. Namfahamu mama mmoja wa Uyole ambaye kazi yake ni kuchambua viazi, kutwa nzima ameinama juu ya magunia. Kila jioni alimeza diklofenaki, ambayo yeye aliijua kama "dawa ya mgongo" tu. Chembe cha moyo kilipoanza kumuuma aliambiwa ni vidonda, akaacha maharage, akaacha pilipili, lakini dawa ya mgongo aliendelea nayo kwa miezi, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza habari za mgongo. Choo chake kilipogeuka cheusi na kunata kama lami alidhani ni mboga za majani. Alipelekwa hospitali siku aliposhindwa kupanda kilima cha kwenda nyumbani kwake, akiwa amepungukiwa damu mno. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani za mwili, na kemikali hizohizo ndizo zinazouwezesha mfuko wa chakula kutengeneza ute wake wa kinga.

Maharage hayaleti vidonda. Huleta gesi kwa baadhi ya watu, na anayeona yanamsumbua anaweza kuyapunguza, lakini kumkataza mgonjwa wa Mbozi au Njombe maharage kwa miaka ni kumnyima protini aliyo na uwezo wa kuipata kila siku, bila kumponya chochote. Maziwa nayo hutuliza kwa muda mfupi, kisha huuchochea mfuko wa chakula kutoa tindikali zaidi.

Kuhusu vipimo, liko jambo linalowagharimu watu fedha nyingi. Kipimo cha damu cha Helicobacter pylori hutafuta askari wa mwili, yaani kingamwili zinazotengenezwa kupambana na bakteria, wala si bakteria mwenyewe, na askari hao hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya mtu kupona. Hivyo mtu hupimwa, hutibiwa, hupimwa tena, huambiwa bado anaye, na hutibiwa upya bila sababu. Kipimo cha choo huonyesha maambukizi yaliyopo sasa, ili mradi mgonjwa awe ameacha omeprazo, dawa ya kupunguza tindikali, kwa wiki mbili na antibiotiki kwa wiki nne. Tena, kuwa na bakteria si kuwa na kidonda: wengi walio naye hawaugui kamwe.

Wengi wanaofanyiwa endoskopia, yaani kutazamwa ndani ya tumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kooni, kwa maumivu ya chembe cha moyo hawakutwi na kidonda. Wapo ambao tindikali hupanda kwenye umio, yaani mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni, na kuwachoma kifuani wanapolala, wapo wenye mawe kwenye nyongo ambao huumwa chini ya mbavu za kulia baada ya chakula cha mafuta, na wapo ambao mfuko wao wa chakula ni mzima ila unahisi kupita kiasi. Kila hali ina tiba yake. Maumivu yanayokuja na jasho jembamba na pumzi kubana, hasa kwa mtu mzima mwenye shinikizo la damu au kisukari, yachukuliwe kuwa ya moyo hadi ithibitike vinginevyo.

Je, ni wakati gani daktari bingwa anahitajika? Kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami kwa mtu asiyemeza vidonge vya madini ya chuma, au tumbo kukaza ghafla kama ubao, ni dharura ya usiku huohuo, na mgonjwa apelekwe hospitali iliyo karibu yenye damu ya kuongezwa. Kupungua uzito bila kukusudia, kupungukiwa damu, kutapika kila mara, macho kuwa ya manjano, na maumivu yanayorudi baada ya dozi kamili, huhitaji bingwa ndani ya siku chache. Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni chakula kukwama kifuani, kwanza ugali, kisha hata uji. Saratani ya umio hupatikana kwa wingi kwenye ukanda wa Afrika Mashariki unaoshuka hadi Malawi, nasi tumo humo. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitaja vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 kuwa huenda husababisha saratani hiyo, kwa hiyo chai ya Juni, baridi ikiwa imeshika, iachwe ipoe kidogo.

Njia ya kumfikia bingwa huanzia zahanati au kituo cha afya, hupita hospitali ya wilaya na ya mkoa, na kwa ukanda huu hufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Mgonjwa aombe barua ya rufaa, na achukue maganda ya dawa zote anazotumia, pamoja na zile za mgongo na magoti. Endoskopia, ambayo wengi huiita kumeza mpira, huchukua dakika chache baada ya koo kupuliziwa dawa ya ganzi, na daktari anaweza kukata kinyama kidogo cha kupima. Tumbo linatakiwa liwe tupu kwa saa sita hadi nane, hivyo anayetoka Makete au Ludewa asafiri siku moja kabla, ale mapema jioni, na alale mjini.