Je, wajua kwa nini treni ya kasi huuinua mji mmoja na kuuacha mwingine?

Aprili 1992 Hispania ilianza safari za AVE, treni yake ya kwanza ya kasi, kati ya Madrid na Sevilla. Njia ya zamani ya kwenda kusini ilibanwa na korongo la Despeñaperros, hivyo wahandisi wakalikwepa na kuipitisha reli mpya Ciudad Real, mji wa kawaida katika tambarare za La Mancha. Ghafla mji huo ukawa mwendo wa takriban saa moja tu kutoka Madrid.

Hata hivyo, kilichouinua hasa ni treni za masafa mafupi zilizoanzishwa mwaka huohuo kati ya Madrid, Ciudad Real na Puertollano, zenye tiketi za mwezi kwa wasafiri wa kila siku. Mhadhiri aliweza kulala Madrid, akafundisha Ciudad Real na kurudi jioni. Wengine walifuata nyumba za bei nafuu Ciudad Real huku kazi zao zikibaki Madrid.

Sasa tazama Guadalajara, karibu zaidi na Madrid. Kituo chake cha treni ya kasi, kilichofunguliwa 2003, kilijengwa nje ya mji, eneo la Yebes. Pembeni yake ulipangwa mji mpya, Valdeluz, wa watu wapatao 30,000. Mgogoro wa kiuchumi wa 2008 ukaukuta katikati ya ujenzi, majengo yakabaki matupu. Na wenyeji walikuwa tayari na treni za kawaida kutoka mjini hadi Madrid. Nani afunge safari hadi Yebes kuokoa dakika chache? Aliyewahi kushuka Miritini na mabegi, kisha akaanza kutafuta gari la kumfikisha Mombasa mjini, anaelewa hesabu hiyo, ingawa SGR ya Kenya haina kasi ya AVE.

Kwenye utalii mambo yanageuka kwa namna isiyotarajiwa. Córdoba, mji ulio kwenye njia hiyohiyo ya Madrid na Sevilla, ina Mezquita, msikiti ulioanza kujengwa mwaka 785 na kufanywa kanisa mwaka 1236. Ndani kuna nguzo zaidi ya 800 zilizobeba matao ya rangi nyekundu na nyeupe. Kutoka Sevilla kwa treni ya kasi ni kama dakika 45, kutoka Madrid haifiki saa mbili. Basi mgeni hufika asubuhi, huona nguzo, hula chakula cha mchana na kuondoka. Mgeni wa namna hiyo hahitaji kitanda cha hoteli, na fedha nyingi za utalii hutoka kwa mgeni anayelala. Kwa maoni yangu, mji unaosubiri reli ya kasi uanze na swali hilo: saa mbili usiku kuna nini cha kumfanya mgeni asipande treni ya kurudi? Córdoba imefungua Mezquita kwa ziara za usiku, na mwezi Mei wenyeji hushindana kupamba nyua zao kwa maua na kuwakaribisha wageni waingie.