Jiko la gesi lenye bomba la ukutani halili hewa ya chumba

Wengi huamini kwamba jiko la gesi la kupasha joto nyumba, lile ambalo bomba lake hutokea nje kupitia ukutani, hunyonya hewa ya chumbani, hivyo lazima dirisha liachwe wazi. Sivyo. Mara nyingi mabomba huwa mawili, moja ndani ya jingine: la nje huingiza hewa safi, la ndani hutoa moshi. Moto wenyewe umefungiwa nyuma ya kioo. Tena dirisha hilo la wazi, likiwa karibu na mdomo wa bomba, ndilo linaloweza kurudisha moshi ndani!

Ila king'ora cha kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, tafadhali kiwekeni. Vizibo vya kingo za kioo huchakaa, na bomba huweza kuziba.