GP wa Uingereza: Dhana Potofu Kuhusu Mafunzo, Cheti na Usajili

Mswahili anayehamia Uingereza hujifunza mapema kwamba huko mtu haendi moja kwa moja kwa bingwa kwa sababu goti linamuuma. Anaanzia kwa GP, daktari wa familia, na huyo ndiye anayempeleka mbele ikibidi. Pamoja na kumtegemea hivyo, wengi hawajui daktari yule alikifikiaje kile kiti. Na madaktari vijana wa kwetu wanaoitamani kazi hiyo hupeana maelezo kwenye magrupu ya WhatsApp ambamo mtihani, cheti, rejista na orodha ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, vimegeuzwa kitu kimoja. Ni vitu vinne tofauti, na kuwa na kimoja si kuwa na kingine.

“GP ni daktari aliyekosa ubingwa”

Dhana hii haikuzuka hewani. Kenya na Tanzania, daktari akishamaliza shahada na mwaka wa intanshipu anaanza kazi kama daktari wa kawaida, na watu humwita GP. Ubingwa ni safari nyingine, ya MMed, shahada ya uzamili ya udaktari. Kwa hiyo tukisikia GP tunamwona kijana aliyetoka juzi.

Waingereza nao walikuwa huko. Mwaka 1958 Lord Moran, aliyekuwa daktari wa Winston Churchill, aliiambia tume ya kifalme kwamba ma-GP ni wale waliopanda ngazi ya ubingwa wakaanguka. Maneno yaliwachoma, lakini sheria ya wakati ule haikuwatetea sana: daktari aliweza kumaliza mwaka wake wa hospitali na kwenda kukaa kliniki bila mafunzo mengine yoyote ya kazi hiyo. Sheria ya kuyafanya mafunzo kuwa lazima ilipitishwa mwaka 1976, na ilianza kubana kikamilifu mwaka 1982.

Siku hizi njia ni hii. Chuo miaka mitano au sita. Kisha miaka miwili ya Foundation, mafunzo ya kazini ya daktari mpya, ambayo wa kwanza hufanywa kwa usajili wa muda na ukimalizika vizuri daktari hupata usajili kamili. Baada ya hapo ndipo anapoomba mafunzo ya udaktari wa familia, yasiyopungua miaka mitatu kwa anayesoma muda wote. Anayechukua nusu muda kwa sababu ya watoto, na wako wengi, hutumia miaka zaidi. Kwetu pia mambo yameanza kusogea: Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza kufundisha udaktari wa familia kwa ngazi ya ubingwa mwaka 2005.

“Leo nimetibiwa na mwanafunzi”

Hapana. Mwanafunzi wa udaktari hana usajili, na hawezi kukuandikia dawa kwa sahihi yake. Daktari aliye mafunzoni, hata wa mwaka wa kwanza, ana usajili kamili na leseni ya General Medical Council, yaani GMC, ana namba yake ya tarakimu saba, na anaandika dawa mwenyewe. Kinachomtofautisha na GP kamili ni kwamba nyuma yake yupo mkufunzi, daktari mzoefu anayepitia kazi yake na anayepaswa kupatikana akihitajika. Katika miaka mitatu, 24 kati ya miezi 36 hutumika kliniki na inayobaki hospitalini. Mwanzoni hupewa muda mrefu zaidi kwa kila mgonjwa. Mimi ningependa kupangiwa huyo kuliko yule mwenye dakika kumi na foleni hadi mlangoni.

“Ukifaulu MRCGP, umekuwa GP”

Hapa hujikwaa wengi, madaktari wakiwemo.

MRCGP ni tathmini ya chama cha kitaaluma, Royal College of General Practitioners (RCGP), kilichoanzishwa mwaka 1952. Ina miguu mitatu. Wa kwanza ni AKT, mtihani wa maarifa unaofanywa kwenye kompyuta. Asilimia 80 ya maswali ni ya magonjwa na tiba, na zilizobaki zinagawanywa sawa kati ya kusoma utafiti na takwimu kwa upande mmoja, na sheria na uendeshaji wa kliniki kwa upande mwingine. Wengi huzidharau hizo asilimia 20, kisha huzikumbuka matokeo yakitoka.

Wa pili ni SCA, ulioanza Novemba 2023. Daktari anakaa mbele ya skrini, kwa kawaida kwenye kliniki anakofanyia mafunzo, anahudumia wagonjwa 12 wa kuigiza, kila mmoja dakika 12. Kabla ya Covid kulikuwa na mtihani wa ana kwa ana ulioitwa CSA. Ulipokatika mwaka 2020, madaktari walipeleka rekodi za mahojiano yao na wagonjwa halisi, na utaratibu huo nao ukaondolewa SCA ilipokuja. Ndiyo maana ushauri wa mtu aliyefanya mtihani mwaka 2018 unaweza kumpoteza anayejiandaa sasa.

Mguu wa tatu hauna siku ya mtihani. Ni jalada la kielektroniki linalojazwa miaka yote mitatu: mahojiano aliyoangaliwa na mkufunzi, maoni ya wagonjwa, maoni ya wenzake hadi wa mapokezi, tafakuri zake kuhusu kesi ngumu. Walio mafunzoni hulilalamikia kuliko mitihani yenyewe. Lakini mwenye AKT na SCA mkononi na jalada lenye mapengo hajamaliza. Kamati ya ukaguzi uitwao ARCP hulipitia angalau mara moja kwa mwaka, na ni yenyewe inayotamka kwamba mafunzo yamekamilika.

Akishatamkiwa, bado si GP. RCGP humpendekeza kwa GMC, naye mwenyewe anatuma maombi GMC na kulipa ada ili apewe cheti cha kumaliza mafunzo, CCT, na jina lake liingizwe kwenye rejista ya GP. Rejista hiyo ipo tangu tarehe 1 Aprili 2006, na ni tofauti na rejista ya mabingwa. Sheria inataka kila anayefanya kazi ya GP ndani ya NHS awemo, isipokuwa walio mafunzoni. Kwa hiyo aliyemaliza Jumanne na kuchelewesha fomu zake hawezi kuanza kazi ya GP Jumatano, hata kama kliniki imeshamwandalia chumba na jina lake liko mlangoni.

Kuna mlango mmoja zaidi unaosahaulika: orodha ya watoa huduma ya NHS. Kwa England inatunzwa na NHS England, na Scotland, Wales na Ireland Kaskazini kila moja ina utaratibu wake. Aliye mafunzoni huwemo kwa hadhi ya mafunzo, kisha hadhi hiyo hubadilishwa. Rejista ya GMC inamhusu daktari kokote Uingereza. Orodha ni ya sehemu, ndiyo maana GP wa Leeds, England, akitaka kufanya kazi Glasgow, Scotland, ana makaratasi mapya.

Mambo yanaweza pia kwenda kinyumenyume. MRCGP haikuwa lazima kabla ya mwaka 2007, kwa hiyo GP mzee asiye na herufi hizo baada ya jina lake si feki. Hata kijana aliyefaulu juzi anaweza kuacha kulipa ada ya uanachama wa RCGP. Atapoteza haki ya kutumia herufi, lakini rejista ya GP haitamfuta kwa hilo.

“Mtihani umewekwa kusudi kuwaangusha weusi na wageni”

Dhana hii siipendi kuitupa haraka. Utafiti wa Aneez Esmail na Chris Roberts, uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2013, ulionyesha kwamba madaktari wasio weupe waliosomea Uingereza kwenyewe walikuwa na uwezekano wa kufeli CSA mara ya kwanza takriban mara tatu na nusu zaidi ya wenzao weupe, hata baada ya kuzingatia umri, jinsia na alama za AKT. Kwa waliosomea nje pengo lilikuwa kubwa zaidi. Chama cha madaktari wenye asili ya India, BAPIO, kiliwapeleka RCGP na GMC mahakamani. Aprili 2014 Jaji Mitting aliamua kwamba mtihani ni halali, ila akasema pia kwamba wakati umefika wa RCGP kuchukua hatua.

Kwa hiyo “kusudi” halikuthibitishwa. Pengo ni la kweli. Nionavyo mimi, sehemu yake iko kwenye kile kinachopimwa. Mtihani wa mahojiano unataka uvumbue hofu ya mgonjwa, uulize yeye anaionaje hali yake, kisha mkubaliane cha kufanya. Daktari aliyelelewa kwenye wodi ambako mgonjwa huambiwa tu ameze hiki arudi Jumatatu, anajua tiba vizuri kabisa na bado anapoteza alama. Hilo linafundishika, lakini linataka kuanza mwaka wa kwanza, si miezi miwili kabla ya mtihani.

“Mwenye MRCGP ya kimataifa anaingia moja kwa moja”

Kuna uanachama uitwao MRCGP[INT], unaotolewa kupitia mitihani ya nchi nyingine ambayo RCGP imeikubali. Oman ni mojawapo, na wasomaji wa Muscat wanaujua. Ni heshima ya kitaaluma. Hautoi usajili wa GMC wala nafasi kwenye rejista ya GP ya Uingereza.

Aliyesoma Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwa kawaida huanza na PLAB, mtihani wa GMC kwa waliosomea nje, ili apate usajili, kisha, kama hakupitia Foundation, huonyesha kwa fomu ya CREST kwamba yuko tayari kwa mafunzo ya ubingwa, kisha anashindania nafasi kwa alama za mtihani wa MSRA. Kwa upande wa udaktari wa familia usaili hauendeshwi tena. Alama hizo ndizo zinazotumika kuwapanga waombaji. Ambaye tayari ni daktari wa familia kamili kwao anaweza kujaribu njia ya jalada, iliyokuwa ikiitwa CEGPR hadi mwaka 2023. Hapo huleta ushahidi wa maarifa, ujuzi na uzoefu wake, na ushahidi wenyewe ni rundo. RCGP huupima, GMC huamua.

“Akishasajiliwa, ni wa kudumu”

Ilikuwa karibu hivyo. Mwaka 1976 GP mmoja, Harold Shipman, alipatikana na hatia ya kughushi maandishi ya dawa ili ajipatie pethidine, dawa kali ya maumivu inayolevya. GMC ilimwonya, akabaki kwenye rejista. Januari 2000 alihukumiwa kwa kuwaua wagonjwa wake 15, na uchunguzi uliofuata chini ya Dame Janet Smith ulihesabu zaidi ya 200. Ripoti yake ya mwaka 2004 iliukosoa vikali mpango wa GMC wa kuwakagua madaktari. Leseni ikatenganishwa na usajili Novemba 2009, na tangu Desemba 2012 daktari hutathminiwa kila mwaka na leseni yake kuthibitishwa upya kila baada ya miaka mitano. Mtu anaweza kuwa na usajili bila leseni. Huyo hatibu.

“Mgonjwa hawezi kujua”

Anaweza, bure. Rejista ya GMC iko wazi mtandaoni. Andika jina au namba, utaona kama daktari ana leseni, kama yumo kwenye rejista ya GP na tangu lini, kama yuko kwenye programu ya mafunzo, na kama kuna masharti aliyowekewa. Majina hufanana, hasa ya Kiislamu na ya Kihindi, kwa hiyo omba namba mapokezi. Hawatakushangaa.